Njia ya baiskeli ya bonde la Vinschgau: niteremke nayo au niipande?

Binti wa Soni aliandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Huu ni mwaka wangu wa sita München, Ujerumani, na tangu mwaka jana nimerudia baiskeli ya mbio baada ya kuiacha kwa muda mrefu. Sababu ya kuiacha itaeleweka na yeyote aliyewahi kuendesha pembezoni mwa barabara kuu za kwetu: lori lilinipita karibu mno, kioo chake cha pembeni kikanigusa bega, nikajikuta mtaroni na mkono uliovunjika, na dereva akaendelea na safari yake kana kwamba amegusa kichaka. Mkono ulipona. Kilichobaki ni kwamba kila ninaposikia injini ikinijia kwa nyuma, mabega hupanda yenyewe, vidole hukaza usukani, na ninaendesha vibaya kuliko ninavyojua kuendesha.

Hata hivyo nataka milima. Nimekulia Soni, na barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto ndiyo iliyonifundisha kupanda, nikiwa juu ya baiskeli ya Phoenix ya mjomba iliyokuwa nzito kuliko mimi, kwa hiyo njia tambarare za kandokando ya mto Isar zimeanza kunichosha. Nimesoma kuhusu bonde la Vinschgau lililoko kaskazini kabisa mwa Italia, ambalo kwa Kiitaliano huitwa Val Venosta. Inasemekana kuna njia ya baiskeli ya takriban kilomita 80 inayoanzia kwenye kipito cha Reschen, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kufuata mto Adige hadi mji wa Merano, ulio kwenye mita 325 hivi. Maelezo yote niliyoyaona yanasisitiza kwamba njia haina magari, na karibu yote yanaeleza safari ya kuteremka.

Naomba kuelezwa mambo matatu na wenye uzoefu. Je, njia hiyo inafaa kwa matairi ya milimita 25, au nitajikuta ninakokota baiskeli kwenye changarawe? Je, maneno hayo kwamba haina magari ni kweli tupu, au ni ya kuvutia watalii? Na mtu anayetoka München bila gari afanye nini ili afike huko na kurudi bila kupita hata kilomita moja kwenye barabara yenye malori?

Kaka wa Inn aliandika:

Dada Binti wa Soni, pole kwa yaliyokupata, na hongera kwa kurudi kwenye tandiko. Ninaishi Innsbruck, na bonde hilo nimeliendesha mara nane au tisa. Kati ya hizo, mara mbili tu nilikuwa ninateremka kama watu wengine, na hizo mbili ndizo zinazonifanya nikushauri usiteremke, angalau si mchana, si mwezi wa Julai au Agosti, na si kwa baiskeli ya mbio.

Nianze na lami, kwa sababu hilo ni jepesi. Sehemu kubwa ya njia ina lami nzuri, na vipande vya changarawe vilivyopo vimeshindiliwa vizuri, kwa hiyo milimita 25 zitapita bila tatizo ikiwa hutapunguza mwendo kwa uvivu na kisha kukata kona kwa pupa. Kama fremu yako inaruhusu milimita 28, weka hizo na upunguze upepo kidogo. Uwe mwangalifu pia ndani ya vijiji. Glurns ni mji mdogo sana, wakazi wake hawafiki elfu moja, lakini una ukuta wake wa kale na malango yake matatu, na ndani ya malango hayo ni mawe yaliyopangwa. Laas ni kijiji cha marumaru nyeupe, ileile iliyotandikwa sakafuni katika stesheni ya Oculus huko New York, na wenyeji wameitumia hata kwenye njia zao za miguu. Inapendeza machoni, lakini mvua ikinyesha huteleza kama sabuni.

Sasa kuhusu magari. Njia hii haikujengwa kwa mkupuo mmoja kama barabara. Imeunganishwa kutoka vipande vya aina mbalimbali: kuna sehemu za ukingo wa mto ambazo kweli ni za baiskeli na waenda kwa miguu peke yao, kuna vichochoro vya vijiji, na kuna kilomita nyingi ambazo kimsingi ni barabara za mashamba zinazopita katikati ya bustani za matufaha, ambako gari la mgeni haliruhusiwi lakini mkulima ana haki ya kupita na trekta lake wakati wowote. Kwa hiyo malori hutayaona, na kelele ya barabara kuu utaisikia kwa mbali tu, ila kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba, yaani msimu wa mavuno, utakutana na matrekta yanayovuta makasha makubwa ya matufaha, tena kwenye kona ambazo miti imezificha. Wakulima hawana ugomvi. Wanakwenda polepole na husogea pembeni kukupisha. Wanachokuomba ni kwamba nawe usifike kama risasi.

Wakati wa kiangazi kuna jambo jingine, nalo ni maji. Vinschgau ni miongoni mwa mabonde makavu kuliko yote katika milima ya Alpi, kwa sababu safu za milima iliyolizunguka huyazuia mawingu ya mvua, na matufaha hayo yote yanaishi kwa umwagiliaji. Mitambo ya kunyunyizia huzunguka na kurusha maji mpaka njiani, hivyo utaendesha kwenye lami kavu yenye jua kali, kisha mita thelathini zimelowa chapachapa, halafu kavu tena. Ukiwa unapanda, utafurahia kuoga. Unaposhuka kwa kasi ni hadithi nyingine.

Hapo ndipo ninapofika kwenye swali la kuteremka au kupanda. Treni ya bonde, ambayo ilifungwa mwaka 1990 na kufunguliwa upya mwaka 2005, inakwenda kutoka Merano hadi Mals, na kwenye stesheni zake unaweza kukodi baiskeli na kuirudisha kwenye stesheni nyingine. Ni mpango mzuri sana, na matokeo yake ni kwamba kila asubuhi yenye jua maelfu ya magurudumu hupelekwa juu kwa treni ili yashuke kwa mvuto wa dunia. Wako babu na bibi, wako baba wanaokokota vitoroli vya watoto, wako watoto wa miaka sita wanaoendesha kwa mara ya kwanza bila magurudumu ya msaada na ambao hawajui kulia ni upi. Njia ina upana wa kupishana, haina upana wa kushindana. Baiskeli yako kwenye mteremko inataka kilomita 40 kwa saa, na mtoto huyo anakwenda 12, tena kwa kuyumba. Dada yangu, ulituambia habari ya lori lililokupita. Kwenye njia isiyo na magari, wewe unayeteremka kwa kasi ndiye lori.

Ukipanda, mambo yote yanageuka. Unakwenda kilomita 15 au 18 kwa saa, wanaoshuka unawaona usoni nao wanakuona, na mkutano wenu unamalizika kwa salamu. Ukiondoka Merano saa kumi na mbili na nusu asubuhi, utakuwa umevuka nusu ya bonde kabla treni ya kwanza yenye watalii haijamwaga watu wake Mals.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa wewe ni mtu wa milima: bonde hili halipandi kwa mwinuko mmoja, linapanda kwa ngazi. Vijito vya pembeni vimekuwa vikitapika mawe na udongo kwa maelfu ya miaka, na kila rundo limesambaa kama upepeo, likausukuma mto hadi ukuta wa upande wa pili na kuziba bonde nusu. Kwa hiyo unaendesha kilomita kadhaa tambarare kabisa kando ya maji, unaanza kujisifu, na mara unakutana na upepeo mwingine wa kuupanda. Ngazi ya kwanza iko mara tu baada ya Merano, pale Töll, ambapo mto wenyewe unaporomoka zaidi ya mita 150 na njia inapanda kwa kona za kujikunja. Ya pili ni upepeo mkubwa wa Gadria, kati ya Schlanders na Laas. Ya mwisho ndiyo ngumu, nayo ni uwanda wa Mals, ambapo kutoka Glurns hadi St. Valentin utapanda zaidi ya mita 500 ndani ya kilomita zisizozidi 20, mahali penye upepo uliozoeleka kiasi kwamba miti imeinama upande mmoja na haijainuka tena. Usimalize nguvu zako zote Töll.

Kuhusu usafiri, panda treni ya kimataifa kutoka München kupitia kipito cha Brenner hadi Bolzano, safari ya takriban saa 4, na ukate nafasi ya baiskeli mapema kwa sababu bila nafasi hiyo huingii. Kutoka Bolzano hadi Merano ni treni ya kawaida, au kilomita 30 hivi za njia ya baiskeli iliyo tambarare. Lala Merano. Kesho yake panda hadi Reschen na ulale huko juu, kisha alfajiri inayofuata, wakati hakuna mtu njiani, shuka taratibu hadi stesheni ya Mals na urudi kwa treni. Usijaribu kushuka upande wa Austria kutoka Nauders hadi Pfunds kwa barabara kuu, kwa maana huko utayakuta malori yote unayoyakimbia, na mengine ndani ya mahandaki.

Mzee Spoku aliandika:

Binti yangu, mimi Ulaya sijafika, lakini nimetengeneza baiskeli hapa Moshi tangu enzi za breki za vyuma, na mteremko naufahamu. Nimewashuhudia kwa macho yangu watu wanaotoka Marangu na mikungu mitatu ya ndizi nyuma, breki zimekwisha, mguu mmoja umevaa kandambili ya tairi na unasugua gurudumu la mbele badala ya breki. Kwa hiyo mniwie radhi nikiongeza neno la ufundi katika maelezo mazuri ya kijana wetu wa Innsbruck.

Baiskeli yako ni ya diski au ya kubana ringi? Kama ni ya kubana ringi, jambo la kwanza ni kuzitoa zile raba za breki na kuziangalia usoni. Mara nyingi utakuta punje ndogo za alumini au mchanga zimejichimbia humo, na hizo ndizo zinazokwangua ringi na kutoa ule mlio wa kukereza. Zitoe kwa ncha ya sindano, kisha piga msasa kidogo. Raba ikiwa imekwisha hadi kwenye mistari, usiipe nafasi ya safari moja zaidi. La pili ni mkono wako mwenyewe. Mtu mwenye hofu hushika breki kidogokidogo muda wote wa mteremko, akidhani anajilinda, kumbe anachemsha ringi, na joto lile linahamia kwenye tairi na tyubu. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia kabisa, acha hewa ipoze, kisha bana tena. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha. Ya nyuma inaelekeza tu.

Na weka kengele. Najua vijana wa baiskeli za mbio huona kengele ni aibu, kama mtu aliyevaa suti na kubeba kikapu cha sokoni. Weka tu.

Sasa na mimi nina swali. Hayo maji ya umwagiliaji yanatoka wapi? Maana huku kwetu Kilimanjaro tuna mifereji ya wazee, kila ukoo na zamu yake, na njia nyingi za miguu zimefuata mifereji hiyo kwa sababu ndiyo iliyokuwa imekwisha kupimwa usawa.

Kaka wa Inn aliandika:

Shikamoo Mzee. Swali lako limenifurahisha, kwa sababu jibu lake linaeleza hata njia ya baiskeli. Nao wana mifereji ya zamani, huiita Waal, inayochukua maji kutoka vijito vya juu na kuyapitisha kwenye miteremko kwa mwinuko mdogo sana, na kando ya kila mfereji kuna njia ya mlinzi. Kwenye baadhi ya mifereji bado utaona gurudumu dogo la maji lililofungwa nyundo inayogonga kengele: maji yakipita, kengele inalia, na ikinyamaza, mlinzi hujua kwamba majani au mawe yameziba mahali fulani huko juu. Njia hizo za mifereji siku hizi ni za waenda kwa miguu, na baiskeli hazitakiwi huko, jambo ambalo Dada anapaswa kulifahamu kabla ramani ya simu haijamdanganya. Siku hizi maji mengi yamehamia kwenye mabomba na minyunyizio, na barabara ndogo zilizojengwa ili kuyafikia mashamba hayo ndizo tunazoziendesha.

Kwa kuwa tunazungumzia mashamba, niongeze kwamba wakulima hunyunyizia pia dawa, mara nyingi asubuhi wakati hakuna upepo. Ukiliona wingu jeupe mbele yako kati ya miti, simama lipite. Wenyeji wenyewe wamelumbana sana juu ya dawa hizo, na mwaka 2014 wapiga kura wa Mals, takriban robo tatu yao, walisema hawazitaki katika eneo lao.

Kilele Kimoja aliandika:

Ndugu zangu, yote yaliyosemwa ni ya kweli, lakini naona tunamwelekeza Dada kwenye njia ya baiskeli wakati yeye ametaja barabara na milima. Njia ya baiskeli ina nguzo fupi katikati, ina kona za mraba, ina mbwa wenye kamba ndefu. Anayetaka kuendesha kwenye barabara halisi ya gari, yenye upana wake wote, bila gari hata moja, asubiri siku ya Stelvio.

Barabara ya Stelvio inaanzia Prad, katika bonde hilohilo la Vinschgau, na inapanda kilomita 24 hivi hadi mita 2,757, ikiwa na kona 48 zilizopewa namba moja baada ya nyingine. Ilijengwa kati ya mwaka 1820 na 1825 chini ya mhandisi Carlo Donegani, wakati eneo hilo lilikuwa chini ya Dola ya Austria, na mwinuko wake ni wa magari ya farasi, jambo ambalo miguu yako italishukuru: wastani wa asilimia saba na nusu hivi, bila kuta za ghafla. Mbio za Giro d'Italia zilipita huko kwa mara ya kwanza mwaka 1953, na Fausto Coppi akashinda siku ile. Siku za kawaida za kiangazi ni fujo ya pikipiki. Lakini siku moja kila mwaka, kwa kawaida Jumamosi ya mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, hifadhi ya taifa huifunga barabara kwa magari yote tangu asubuhi hadi alasiri, upande wa Prad na upande wa Bormio pia. Si mashindano, hakuna namba ya kifuani wala saa ya kupima.

Mimi nilipanda miaka miwili iliyopita nikitokea Zürich. Kitu kilichonishangaza ni sauti. Barabara ile imezoea injini, na siku ile ulisikia minyororo, pumzi za watu, na kengele za ng'ombe kutoka ng'ambo ya korongo. Kwenye kona ya ishirini na kitu nilimsikia mtu aliye kona tatu juu yangu akifungua karatasi ya chokoleti.

Kaka wa Inn aliandika:

Ndugu Kilele Kimoja, siku hiyo ni nzuri kweli, ila umesahau kumwambia kwamba maelfu hupanda na maelfu hao hao hushuka kwenye barabara ileile, wengine wakikata kona kwa ndani huku wengine bado wanapanda kwa kuyumba. Kwa mtu ambaye mabega yake hupanda akisikia kitu nyuma yake, nisingeianza safari hapo. Aanze na bonde. Stelvio haihami.

Binti wa Soni aliandika:

Nawashukuru wote. Mzee Spoku, shikamoo. Breki zangu ni za kubana ringi, na nilipozitoa raba nilikuta punje nne zinazong'aa katika ile ya mbele kulia, kwa hiyo umeniokoa kabla sijaondoka. Nimeamua kupanda, katikati ya wiki, mwezi wa Septemba, kama Kaka alivyopanga. Nitawaletea habari.

Binti wa Soni aliandika, wiki tano baadaye:

Nimerudi salama, na nina deni la taarifa.

Nilitoka Merano saa kumi na mbili na dakika arobaini. Kona za Töll nilizipanda nikiwa peke yangu, na baada ya hapo bonde lilikuwa kama lilivyoelezwa: tambarare, ngazi, tambarare, ngazi. Upande mmoja mlima umekauka na kuwa kahawia kama mgongo wa ngamia, upande wa pili ni msitu mweusi wa misonobari, na katikati ni matufaha yaliyopangwa kwa safu mpaka macho yanachoka. Matrekta niliyahesabu hadi kumi na moja, kisha nikaacha. Kila moja niliposikia injini yake mabega yalipanda, na kila mara lilikuwa linanijia kwa mbele, polepole, dereva ameinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani kunisalimu. Kufikia Latsch, mabega yalikuwa yameanza kuzoea.

Uwanda wa Mals ulinitesa kwa upepo, na sitajifanya hodari: nilishuka mara mbili nikala ndizi nikiwa nimeuelekezea upepo mgongo. Nilifika kwenye ziwa la Reschen saa nane kasoro robo. Mnajua bila shaka ule mnara wa kanisa unaosimama ndani ya maji. Kijiji cha Graun kilizamishwa mwaka 1950 kwa ajili ya bwawa la umeme, nyumba 163 zikabomolewa, na mnara wa karne ya 14 ukaachwa. Mtu aliyetoka ukingoni mwa mto Adige asubuhi, akaufuata siku nzima hadi huku juu unakozaliwa, anakaa pale ukingoni na kuutazama tofauti na mtu aliyeshuka kwenye basi. Nilikaa hadi jasho lilipokauka na kuwa baridi.

Jambo ninalotaka hasa kulisimulia ni la kesho yake. Niliondoka saa moja asubuhi, baridi kali, vidole vimekufa ganzi, njia tupu kabisa kando ya ziwa dogo la St. Valentin. Baada ya hapo njia inaanza kuporomoka kuelekea Burgeis, na utupu ule ulinilevya. Niliachia breki. Kipimo kilionyesha 38, kisha 41, na kwa mara ya kwanza tangu ile ajali nilikuwa ninaendesha kama nilivyokuwa nikiendesha nyumbani, mwili umelegea, macho mbali. Nikaingia kona iliyofichwa na ukuta wa mawe, na nyuma ya ukuta walikuwepo mzee na mkewe wanatembea, na mbwa mdogo katikati ya njia.

Nilibana kama Mzee Spoku alivyofundisha, mbele kwa nguvu, nyuma kwa kuelekeza. Gurudumu la nyuma liliteleza lakini likarudi. Nilisimama labda mita mbili kutoka kwao. Hakuna aliyeguswa, mbwa hata hakubweka. Lakini mzee alikuwa amenipa mgongo, na kabla hajageuka niliona mabega yake yakipanda hadi masikioni.

Niliomba radhi kwa Kijerumani changu chote. Mke wake alinijibu kwa upole kwamba wamezoea. Nilishuka, nikaikokota baiskeli hadi kona ile ilipokwisha, na kutoka hapo hadi stesheni ya Mals sikuvuka kilomita 15 kwa saa, nikipiga kengele kabla ya kila ukuta, hata pale palipokuwa na kuku tu. Nilifika dakika arobaini kabla ya treni kuondoka, na nafasi za baiskeli zilikuwa bado tatu.

Matairi ya milimita 28 hayakupata pancha. Raba ya mbele kulia imelika upande mmoja kuliko mwingine, imekaa mshazari kama kisigino cha kiatu cha zamani. Mzee Spoku, je, hiyo ni raba niliyoifunga vibaya, au ringi imepinda siku ile niliposimama?